Gari Lenye Mtu Ndani

Kwanza niseme ukweli: gari lile lilikuwa na sura mbaya. Mimi ni fundi, nimeshika magari hapa Antsirabe kwa miaka thelathini na moja, na sijaona jingine ambalo kioo chake cha nyuma kimelalia ndani, kana kwamba aliyelichora alishika karatasi kichwa chini. Usukani una mkono mmoja tu. Gia iko kwenye dashibodi, unaivuta na kuisukuma kama droo ya kabati. Ni Citroën Ami, ilitoka kiwandani kabla sijazaliwa, na wavuta rikisho wa stesheni waliibatiza Chura wa Voahangy.

Voahangy mwenyewe hakuudhika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alitarizi vitambaa vya meza vya kuuzia wageni wa hoteli. Akipita stesheni wakimpigia miluzi, alipunguza mwendo makusudi.

"Mama, chura wako leo anaruka!"

"Anaruka, ndiyo. Wewe unavuta mkokoteni kama punda halafu unamcheka anayeruka?"

Walicheka wote, yeye akicheka kuliko wao. Hakuna aliyethubutu kumtania zaidi ya hapo, maana mji mzima ulijua gari lile lilikuwa la nani.

Lilikuwa la mumewe, Zafimaro, mpiga picha. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka nalo vijijini akipiga picha za harusi, za vitambulisho, za watoto wanaonyolewa nywele za kwanza. Februari moja alikwenda magharibi, ng'ambo ya mto Mania, upande ambao hauna daraja. Wakati wa kurudi, wanawake waliokuwa wakifua walimwona akishuka, akaacha mlango wazi na injini ikiunguruma, akakata fito, akaingia mtoni kupima kina. Maji yakamchukua mbele ya macho yao. Walitafuta siku tisa na hawakupata hata kiatu.

Gari liliunguruma peke yake pale ukingoni mpaka petroli ikaisha. Mimi ndiye niliyetumwa kulichukua. Mlango ulikuwa bado wazi, hakuna mwanakijiji aliyekubali kuugusa. Niliufunga mimi.

Nilipolifikisha nyumbani, Voahangy aliniambia niliegeshe kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya ua. Sasa, kwetu kona hiyo ni ya waliotangulia. Humo watu huomba, hawaweki hata ndoo. Nilimwambia, "Mama, hapa?" Akasema kuna kivuli. Hapakuwa na kivuli chochote, na kesho yake mtaa wote ukajua kwamba Voahangy amekubali kuwa mumewe amekufa.

Aliyekasirika ni Ralaivao, kaka mkubwa wa Zafimaro, ndiye mwenye sauti juu ya kaburi la ukoo wao kule njia ya Betafo. Alikuja na kofia yake ya majani na fimbo, akasimama getini bila kuingia.

"Shemeji, umemweka mdogo wangu kwenye kona ya marehemu. Nani amekwambia kafa?"

"Basi mlete, Shemeji. Nimempikia."

Ralaivao aligeuka akaenda zake. Ukoo mwingine ukipotelewa na mtu majini husimamisha jiwe kando ya kaburi, na jiwe hilo huwa ndiye yeye. Ralaivao alikataa jiwe. Kwa miaka sita hakulitamka jina la mdogo wake, wala hakumruhusu mtu kulitamka mbele yake. Kwa hiyo Zafimaro hakuwa miongoni mwa walio hai, na hakuwa miongoni mwa wafu. Na Voahangy hakujaliwa mtoto. Siku moja akiwa anatunga uzi kwenye tundu la sindano aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Fundi, mimi nikifa, wataniweka kando ya nani?"

Nilimfundisha kuendesha akiwa na miaka arobaini na saba. Alijifunza haraka na alinitukana sana.

Yaliyonifanya nisimulie haya yalianza Julai mwaka wa sita, baridi ikiwa imekaza. Katika wiki moja yalitokea mambo mawili. Ralaivao alitangaza kwamba Agosti kaburi litafunguliwa, wafu watolewe, wavishwe sanda mpya za hariri, kama tufanyavyo kila baada ya miaka saba. Na mtu mmoja wa kisiwa cha Reunion, mkusanyaji wa magari ya kale, alimwandikia Voahangy kwamba ameona picha ya Ami yake, na yuko tayari kutoa ariari milioni kumi na nane, ilimradi kila kitu ndani kiwe cha asili, hasa viti na vitambaa vyake.

Aliniita asubuhi. Nilikuta kanitengea kigoda na bakuli la maji ya ukoko wa wali, yanafuka moshi.

"Kaa, Fundi. Leo sitaki matengenezo, nataka akili."

"Akili yangu ghali kuliko plagi."

"Ndiyo maana huiuzi. Niambie, niliuze au nisiliuze? Anza na uzuri wake."

Nilikunywa kwanza. Sipendi kulisifu gari lile, lakini haki ni haki. Nilimwambia halina rejeta, halijui kuchemka, litapanda mlima wowote huku magari ya waheshimiwa yamefunguliwa boneti yanapepewa. Ni jepesi, wanawake wanne wanalinyanyua kwenye tope. Barabara iwe mawe matupu, utabeba trei ya mayai na hayatavunjika. Betri ikifa unapiga hendeli. Lita tano zinakufikisha Betafo, kurudi, na kwenda tena. Mvua inyeshe namna gani, kioo kile cha kijinga cha nyuma hakilowi.

"Na askari hawanisimamishi," aliongeza. "Wanacheka mpaka nimepita."

"Hiyo nayo andika."

"Sasa ubaya."

"Ubaya? Una siku nzima?" Nilianza kuhesabu kwa vidole. Spea hakuna. Gasketi ya mwisho niliikata kutoka kwenye ngozi ya kiatu changu cha kanisani. Sakafu imeliwa na kutu, ukikanyaga breki unaiona barabara. Upepo ukivuma ubavuni linakwenda linakotaka lenyewe. Na fundi ni mmoja tu, mimi, na magoti yangu yameanza kulia kuliko bolti zake. "Nikifa, Mama, hili litakuwa banda la kuku. Uza."

"Umesahau moja."

"Lipi?"

"Lina mtu ndani."

Alisema bila kuinua macho kwenye utarizi wake. Mimi si mtu wa mambo hayo. Nimelala chini ya magari yaliyoua watu na sijasikia kitu. Nilimwambia apunguze kahawa. Akaniambia nije kesho alfajiri, kabla jua halijagusa ukuta, nije nione mwenyewe halafu nirudie neno langu la kahawa.

Nilikwenda kwa hasira tu, nimkomeshe. Majani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Gari lilikuwa limeinama upande wa kushoto, upande wa dereva, kiasi cha vidole vinne. Milango imefungwa, ndani hamna mtu, niliangalia kupitia kila kioo. Tulisimama pale labda robo saa, tukipulizia viganja. Kisha bodi ikalia kidogo, ule mlio ninaoujua, na upande wa kushoto ukainuka taratibu mpaka ukalingana na wa kulia. Ndivyo gari lile linavyofanya dereva anaposhuka.

"Ni baridi," nilisema. "Springi zinajikunja usiku, asubuhi zinajikunjua."

"Za kushoto tu?"

Nilirudi karakana, nikafungua injini ambayo haikuwa na tatizo, nikaifunga. Kutwa nzima sikutaka mtu anisemeshe.

Baadaye aliniambia yaliyobaki. Zafimaro alikuwa akimjia ndotoni tangu mwezi wa Mei. Amekaa kwenye kiti chake garini, maji yanamchuruzika nguoni, meno yanagongana, anasema, "Voahangy, nasikia baridi." Basi. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kutafsiriwa ndoto hiyo. Marehemu akilalamika baridi, anataka sanda mpya, na ndugu wote wanaanza kujipapasa mifukoni. Lakini sanda huvishwa mwili, na mwili wake mto Mania uliondoka nao.

"Nataka unifungulie kiti cha dereva," alisema.

"Cha nini?"

"Nikivishe. Amekikalia miaka kumi na tisa, Fundi. Jasho lake limo, mgongo wake umo, hata pale anapoegemea upande akiwasha sigara pameingia shimo. Nina kitu gani kingine cha mwili wake? Nikifika pale Agosti nitakaa mkekani na mikono mitupu? Wenzangu kila mmoja na mtu wake pajani, mimi napiga makofi?"

Nilipandwa na hasira, na leo naona aibu kwa yale niliyosema. Nilimwambia bila kiti kile gari halitafika hata nusu ya bei. Nilimwambia yule wa Reunion ametaja viti kwa jina. Nilimwambia Ralaivao atamfukuza mbele ya ukoo mzima, na wapiga ngoma watamtungia wimbo. "Kiti, Mama! Utakwenda kuzika mtu au fanicha?"

Alitoboa kitambaa, akavuta uzi, akatoboa tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Chukua spana."

Sikuchukua. Nilikaa siku mbili bila kupita kwake. Siku ya tatu nilikwenda na spana namba kumi na mbili na kopo la dizeli ya kulainishia kutu. Kiti kilitoka kwa shida, bolti moja ilikatika. Nilipokinyanyua nilikiona chini kile kipande cha tyubu ya baiskeli nilichomfungia Zafimaro mpira wa kiti ulipokatika. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa karakana akinihadithia bibi harusi aliyekimbia kabla ya picha. Niliketi chini na kiti mapajani. Sikulia, lakini nilikaa.

Voahangy alinunua sanda ya hariri ya kufumwa kwa mkono, ile nzuri, si ya kuchanganya. Alikivisha kiti yeye mwenyewe, akakikaza kwa kamba saba. Siku yenyewe aliendesha akiwa amekalia gunia la mchele, mumewe kando yake, mimi nyuma. Kwenye kioo cha pembeni alifunga kibendera kidogo, kama gari lolote linalobeba marehemu. Njia nzima waendao kwa miguu walivua kofia. Hata wavuta rikisho wa stesheni walisimama kando wakanyamaza. Nilitazama mbele nikiona kisogo chake na ile sanda kandokando.

Kaburini watu walikuwa wamejaa, sufuria za wali na nyama ya nguruwe zikichemka, filimbi na ngoma zimepamba moto. Ralaivao alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiwe, suti nyeusi na kofia. Alituona tukivuka nyasi, tumekibeba kiti, mimi miguuni, Voahangy kichwani.

"Hicho nini?"

"Mume wangu."

"Naona vyuma vimetokeza. Hicho ni kiti."

"Basi niambie mdogo wako yuko wapi, Shemeji, nikamchukue. Nina gari."

Filimbi moja ilikatika katikati. Ralaivao aliuma meno, akageukia mlango, akaanza kazi yake kana kwamba hatupo. Aliita jina la kwanza, la babu yao, na ndugu wakaitikia kwa pamoja, "Yupo!", wakampokea mabegani. Aliita la pili, wakaitikia. Wanawake walikaa mikekani, kila mmoja na mzigo wake pajani, wakiwasemesha wafu, wakiwapa habari za mitihani na uchumba, wakilia na kucheka. Voahangy alikaa pembeni na kiti chake pajani. Hakukisemesha. Alimtazama Ralaivao tu, jina baada ya jina, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumtukana mzee yule ili nikimaliza nifukuzwe moja kwa moja.

Aliita kumi na moja. Huyo wa kumi na moja alikuwa wa mwisho, kila mtu alijua. Wanaume walianza kukunja mikono ya mashati kwa ajili ya kucheza. Lakini Ralaivao hakuondoka mlangoni. Alivua kofia.

"Mimi nilimpigia simu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, walio nyuma waliulizana. "Siku ile. Alitaka kulala ng'ambo asubiri maji yapungue. Mimi nilikuwa na kesi ya shamba Jumatatu, nilitaka picha za mpaka alizokuwa nazo. Nilimwambia, maji gani, wewe pita tu. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nikimwita hapa, nitakuwa nimekubali kwamba nimemuua."

Voahangy alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili.

"Sasa miaka sita amekaa garini kwa sababu yangu," Ralaivao alisema. Akanyoosha mgongo, akajaza kifua, akaita kwa sauti ile ile aliyomwitia babu yake. "Zafimaro, mtoto wa Rabenja!"

Ilipasa mkewe aitikie. Nilimwona akifungua kinywa. Alikuwa amelisubiri jina lile miaka sita, na lilipokuja sauti haikutoka, midomo ikacheza tu. Na mimi, sijui nilipatwa na nini, nilisikia mdomo wangu ukipiga kelele, "Yupo! Yupo hapa!"

Waligeuka wote. Kwetu kosa la namna hiyo si la kuchekwa na kusahauliwa, maana anayeitikia jina kaburini ni wa damu, na wajibu wa damu ni wake. Shangazi mmoja kizee aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Wewe si fundi wa magari?"

"Ndimi, Shangazi."

"Umekwisha. Miaka saba ijayo sanda ni juu yako. Na uniletee ya hariri, si plastiki ya kufunikia magari!"

Kicheko kililipuka, ngoma zikafuata. Zafimaro alipandishwa mabegani, Ralaivao mwenyewe upande wa kichwa, akilia waziwazi kama mtoto aliyechapwa. Tulilizunguka kaburi mara saba. Kisha akaingizwa ndani, akalazwa kwenye rafu ya jiwe kando ya baba yake, na Ralaivao akanionyesha kwa kidole nafasi iliyoachwa ubavuni, ya mtu mmoja mfupi. "Mwambie shemeji yangu," alisema, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza.

Voahangy alimwandikia yule wa Reunion kwamba anauza, naye akaja baada ya wiki mbili na lori. Alilizunguka gari mara kadhaa, akacheka kwa furaha alipoona kile kioo, akafungua mlango wa dereva, akakuta gunia la mchele.

"Kiti kiko wapi?"

"Mwenyewe ameondoka nacho," Voahangy alijibu.

Mtu yule aliniangalia, nami nikaangalia matairi. Alipunguza bei kwa zaidi ya nusu. Voahangy, ambaye hugombania mia moja ya uzi mpaka muuzaji anaomba maji, alisema sawa, akapokea.

Nilisaidia kufunga kamba. Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza Voahangy, nimwambie kwamba ameamua vizuri, kwamba sasa atalala, kwamba ndoto imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli, alinithibitishia mwenyewe. Tangu siku ya kaburi hakumwota hata mara moja, na alfajiri mbili tulizosimama uani pamoja gari lilikaa sawasawa mpaka jua likatoka.

Lori liliteremka mtaani na Ami juu yake. Voahangy alivua miwani, akaanza kuifuta kwa kitambaa alichokuwa akikitarizi, kitambaa cha kuuza, akakiloanisha chote. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata ule mwaka wa mto.

"Nilimtaka aondoke, Fundi," alisema. "Sikujua ataondoka kweli."